Viroboto Ndani ya Nyumba: Dawa ya Ghalani Isiingie Chumbani



Kijitabu hiki hakikuwa kwenye mpango wa kazi wa mwaka. Tumekiandika kwa sababu ofisi yetu ya Afya ya Mazingira imechoka kupokea lalamiko lilelile kutoka karibu kila mtaa: "Mlikuja mkapuliza, mkaondoka, na wiki ya pili viroboto wakarudi. Dawa yenu ni maji." Kuna aliyesimama katika mkutano wa mtaa akayasema hayo mbele ya Afisa Afya wa Kata, na watu wakampigia makofi.

Si maji. Ni dawa iliyosajiliwa, inayochanganywa kwa vipimo, na maafisa wetu wameipeleka kwa miguu mahali ambapo hata bodaboda hukataa kupanda. Kazi hiyo ni kubwa na tunajivunia. Lakini makofi yale hayakutuuma kama kilichofuata. Baadhi ya waliokasirika walikwenda kutafuta "dawa kali". Mmoja alinyunyiza dawa ya nyanya kwenye godoro la watoto. Mwingine aliweka vidonge vya kuhifadhia mahindi chini ya kitanda, akafunga madirisha, akalala sebuleni. Afisa wetu alipouliza kwa nini, alijibiwa, "Kama vinaua dumuzi, kiroboto atapona wapi?"

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote lingine, soma hili na umsomee asiyejua kusoma: dawa ya shamba ni ya shamba, na vidonge vya ghalani ni vya ghalani. Haviingii chumbani. Hata kidogo, hata mara moja, hata kama jirani alitumia na hakufa.

KWA NINI WANARUDI

Kiroboto anayeruka mguuni pako ni sehemu ndogo ya ukoo wake. Waliobaki, na ndio wengi, bado ni mayai, lava na pupa, nao wamo sakafuni, kwenye nyufa, chini ya jamvi, uvunguni, na pale kwenye kona anapolala paka.

Jike akishashiba damu anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku moja. Mayai hayo hayagandi kwenye manyoya kama ya chawa. Yanateleza na kudondoka kila mnyama anapojikuna, kama chenga za chumvi. Baada ya siku chache hutoka lava, mdudu mwembamba mweupe mfano wa kipande cha uzi, asiyependa mwanga. Hula vumbi na mavi makavu ya viroboto wakubwa, ambayo kwa kweli ni damu iliyokauka. Ukitaka kuhakikisha, okota vile vipunje vyeusi alipolala mbwa, vitie juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Vikiacha rangi ya kutu, hiyo ni damu.

Kisha lava hujifumia kifukofuko. Hapa ndipo lalamiko lenu linapozaliwa. Kifukofuko kinanata, hivyo hujipaka vumbi na mchanga mpaka hakitofautiani na taka. Aliye ndani ni pupa. Dawa tunayopuliza haimfikii. Wala dawa ya nyanya haimfikii, wala ya pamba, wala ya kahawa. Anakaa humo siku kadhaa, wiki kadhaa, na mazingira yakimlazimu hata miezi, akingoja dalili kwamba nje kuna damu: mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, hewa ya pumzi. Familia inayofunga nyumba na kwenda matanga wiki tatu ikirudi hushambuliwa mlangoni, ikadhani imerogwa. Hakuna aliyeroga. Pupa walikuwa wanangoja mgeni.

Basi unaowaona wiki ya pili ni kizazi kilichokuwa ndani ya vifukofuko siku tuliyopuliza. Wametoka, wanakanyaga dawa iliyobaki sakafuni, na wengi watakufa kabla hawajataga, iwapo dawa hiyo hukuipiga deki. Kurudi kwao kulitarajiwa. Tungepaswa kuwaambia siku ileile tulipokuja, na tumewaagiza maafisa wetu wote waseme kuanzia sasa.

VIDONGE VYA MAHINDI

Tutakaa hapa kwa muda, na msomaji asikimbilie kurasa za mbele.

Vidonge vinavyowekwa kwenye magunia na maghala kuzuia dumuzi na fukuzi vingi vimetengenezwa kwa alumini fosfaidi. Kidonge chenyewe hakiui. Kinapokutana na unyevu, hata unyevu wa hewa tu, hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi. Ghalani hutumika chini ya turubai lililozibwa kila upande, mlango ukiwa na alama ya hatari, watu wakikaa mbali kwa siku kadhaa, na mtumiaji akiwa mtu aliyefundishwa. Chumba cha kulala hakina hata kimoja cha hivyo.

Fosfini ni nzito kuliko hewa kidogo, kwa hiyo hukaa chini, kimo cha mtoto aliyelala mkekani. Haina rangi. Huweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua isiwe mlinzi wako, kwa sababu inaweza kudhuru kabla hujasikia harufu yoyote. Tena haijui mpaka wa chumba. Katika nyumba zetu za kupanga, vyumba sita vinatumia dari moja, au hakuna dari kabisa na kuta zinaishia chini ya bati. Ukiweka kidonge chumba cha kwanza, anayeugua anaweza kuwa mtoto wa mpangaji wa chumba cha nne, ambaye hata hajui kuwa una viroboto.

Anayevuta gesi hii huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kifua kubana, na kukosa pumzi. Familia nzima ikiugua pamoja usiku, wengi husema ni chakula cha jioni kilichochacha, wakanywa chai ya tangawizi na kurudi kulala chumba kilekile. Msirudi. Sumu hii haina dawa ya kuipinga. Hospitali husaidia moyo na mapafu yasishindwe, na kila dakika ina thamani.

Na msimwage maji juu ya vidonge mkidhani mnavizima. Januari 2017, katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas, Marekani, sumu ya aina hii iliwekwa chini ya nyumba ili kuua panya, kisha ikajaribiwa kuoshwa kwa maji. Maji yaliharakisha gesi, ikapanda ndani, na watoto wanne wa familia moja wakafariki. Hao walikuwa katika nchi yenye magari ya wagonjwa kila kona.

Ukigundua vidonge vimewekwa ndani, watoe watu wote nje, pamoja na wa vyumba vya jirani. Acheni milango wazi mnapotoka. Asirudi mtu kuchukua simu wala pesa. Mpigieni mwenyekiti wa mtaa na Afisa Afya, na aliyeanza kujisikia vibaya apelekwe hospitali palepale akiwa na pakiti au kopo la vidonge kama liko nje.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo si la viroboto lakini hatuwezi kulinyamazia. Wapo wanaolala chumba kimoja na magunia ya mahindi yaliyotiwa vidonge, kwa kuogopa wezi. Mahindi yakiibwa utalima tena. Hamisheni magunia, au msiyatie vidonge.

Tunarudia: vidonge vya ghalani ni vya ghalani.

DAWA YA CHUPA YA MAJI

Sasa huyu anayepita na spika begani, sauti imerekodiwa, inajirudia toka asubuhi: dawa ya panya, mende, kunguni, chawa, viroboto. Dawa moja kwa wadudu wote, imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, kipimo ni kifuniko cha soda. Bei ni ndogo, na tunajua ndiyo sababu mnanunua. Lakini humo ndani muuzaji mwenyewe hajui kuna nini. Mara nyingi ni dawa ya shamba iliyopunguzwa makali kwa maji, au haikupunguzwa kabisa.

Dawa nyingi za shamba na za kuogeshea ng'ombe hushambulia mishipa ya fahamu, ya mdudu na ya mtu vilevile. Aliyedhurika anaweza kutoka jasho jingi na mate, kutapika, kuharisha, mboni za macho kusinyaa, misuli kurukaruka, kisha pumzi kumwia ngumu. Mtoto anayetambaa hupata zaidi kuliko mtu mzima, kwa sababu anaigusa sakafu kutwa na kuingiza vidole mdomoni. Na godoro la sifongo likishanyonya dawa hiyo huitoa polepole kwa miezi. Kuanika juani hakuiondoi.

Mtu akipatwa na hali hiyo, mtoe nje, mvue nguo zilizolowa dawa, umwoshe mwili kwa maji mengi na sabuni, umkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Usimtapishe, hasa kama dawa ilichanganywa na mafuta ya taa, maana mafuta hayo yakiingia mapafuni ni balaa la pili. Maziwa si tiba ya sumu. Tunajua bibi alisema ni tiba. Yanakupotezea muda.

Kumwaga mafuta ya taa au petroli sakafuni nako kumekuwa mtindo. Kiroboto mmoja mmoja atakufa. Jiko la mkaa likiingizwa ndani jioni, nyumba itamfuata.

Dawa halali ina lebo inayosomeka, jina la kiambata, maelezo kwamba ni ya matumizi ya nyumbani, na namba ya usajili. Usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na kuchukua kazi zilizokuwa za taasisi iliyoitangulia, TPRI. Tazama pia utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni kali sana, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Yenye utepe mwekundu usiiingize nyumbani kwa sababu yoyote ile. Nyingi ya dawa za nyumbani ni za jamii ya pareto, yaani zimeigwa kutoka ua lilelile linalolimwa Mbeya, Njombe na Iringa. Ukipata yenye kiambata cha kuzuia mayai na lava wasikue, hiyo ni bora zaidi, kwa kuwa inawafuata wale ambao dawa ya kawaida huwaacha. Muulize muuzaji wa duka la pembejeo au la dawa za mifugo, na umwambie wazi: ni ya ndani ya nyumba, kuna watoto.

KAZI YENYEWE

Kwanza hakikisha ni viroboto. Kiroboto huuma zaidi vifundoni na miguuni, na ukimgusa anaruka. Kunguni haruki, huuma usiku, na amejificha kwenye mbao za kitanda. Papasi wa nyumba za udongo ni jamii ya kupe na ana homa yake, na utitiri wa kuku ni habari nyingine. Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea chumbani polepole dakika chache, kisha tazama kilichorukia.

Siku ya kupuliza, mnyama na nyumba vitibiwe pamoja. Ukitibu nyumba ukamwacha mbwa, atarudisha mayai jioni hiyohiyo. Asubuhi toa kila kitu nje: mikeka, mazulia, magodoro, matambara ya paka. Shuka, kanga na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto sana na kuanikwa juani. Godoro lipigwe kwa fimbo, lianikwe kutwa, ligeuzwe. Fagia mpaka kwenye kona, uvunguni na nyuma ya kabati, na taka zichomwe mbali na nyumba. Usizirushe nyuma ya ukuta. Sakafu ya saruji ipige deki kwa maji ya sabuni uiache ikauke. Sakafu ya udongo iliyopasuka isilibwe kwanza, nyufa zizibe, ikauke kabisa, ndipo ipulizwe. Akina mama waliozoea kusiliba baada ya kupuliza wanaizika dawa kwa mikono yao wenyewe.

Changanya kama lebo inavyosema. Kuzidisha hakuui zaidi pupa, kunaongeza tu sumu kwako. Funika mtungi wa maji, toa vyombo na chakula. Vaa viatu, glovu, shati la mikono mirefu, na funika pua. Puliza sakafu, chini ya kitanda, na ukuta usawa wa goti. Kiroboto hakai darini. Usipulize godoro, nguo, wala chandarua. Watu na mifugo wakae nje mpaka pakauke kabisa, kwa muda wa saa nne hivi, kisha fungua madirisha. Mjamzito na watoto wachanga wachelewe zaidi.

Halafu, na hapa ndipo wengi hutuangusha, rudini muishi ndani. Tembeeni. Fagieni kila siku bila kupiga deki. Nyayo na ufagio ndivyo vinavyowadanganya pupa watoke, na wakitoka watakuta dawa inawangoja. Anayefunga nyumba wiki nzima "ili dawa ifanye kazi" anawapa likizo.

Siku ya 14 puliza mara ya pili. Kupuliza mara moja ni nusu ya kazi. Katika joto la kwetu yai huweza kuwa kiroboto kamili kwa wiki tatu hivi, na awamu ya pili ndiyo inayowakata kabla hawajaanza upya. Mtu ambaye hakufanya awamu ya pili asituambie dawa ni maji.

MBWA, PAKA NA MBUZI

Dawa ya mbwa usimpake paka. Zile zenye permethrini, ambazo mbwa huzivumilia, humtetemesha paka mpaka kufa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya mbwa mdogo wala paka, na mtoto anayemkumbatia mbwa aliyeogeshwa hivyo naye ameogeshwa. Nenda kwa Afisa Mifugo. Kwa asiye na uwezo, kumwogesha mbwa kwa sabuni ya kawaida na kumchana kwa chanuo la meno ya karibu, huku ukilichovya kwenye maji ya sabuni, hupunguza wengi, ila itabidi urudie mara kwa mara. Mbuzi na ndama wanaolala ndani na watu hubeba viroboto haohao. Wajengewe banda. Tumesema haya miaka yote.

PANYA: ANZA NA VIROBOTO

Lushoto haijasahau. Kuanzia mwaka 1980 tauni iliwaandama watu wa milima ile kwa zaidi ya miaka 20, wagonjwa wakapita 7,000. Mwaka 2007 ikazuka Mbulu. Huko ni viroboto wa panya waliobeba vijidudu. Panya akifa, viroboto wake huacha mzoga unaopoa na kutafuta mwili mwingine wenye joto. Ukitega sumu ya panya kabla ya kuua viroboto, mwili huo ni wako. Kwa hiyo viroboto kwanza, panya baadaye.

Mkiona panya wanakufa ovyo bila sumu wala paka, msiwaguse kwa mikono, na mtoe taarifa siku hiyohiyo. Homa ya ghafla pamoja na mtoki wenye maumivu kinenani au kwapani ni safari ya kituo cha afya leo, si kesho. Tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

NANI ANAPULIZIWA BURE

Kaya zilizoorodheshwa na Afisa Afya wa Kata kwa mujibu wa mwongozo wa halmashauri. Mpangaji alete barua ya mwenye nyumba, mwenye nyumba alete ya mwenyekiti wa mtaa. Nyumba za kulala wageni na za biashara hazimo. Masharti mengine yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo.

KABLA YA KUJA KULALAMIKA

Lalamiko kwamba dawa haikufanya kazi tutalipokea kuanzia siku ya 28, si siku ya 10, na mlalamikaji aje na hesabu. Hesabu hupatikana hivi. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, weka sahani pana sakafuni katikati ya chumba, tia maji na sabuni ya unga kidogo, na juu yake ning'iniza tochi au taa ya sola. Msitumie koroboi wala mshumaa karibu na chandarua. Viroboto huufuata mwanga, huruka, huangukia majini, na sabuni huwazamisha. Asubuhi hesabu waliomo uandike. Fanya hivyo siku moja kabla ya kupuliza, kisha siku ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28, sahani ikiwa palepale.

Hesabu ya siku ya 14 ikiwa juu, usinunue kitu chochote kwa yule wa spika. Hiyo ndiyo siku ya awamu ya pili. Hesabu ya siku ya 28 ikiwa bado juu, lete karatasi yako ofisini, pamoja na chupa ya dawa uliyotumia ikiwa na lebo yake, na utuambie mbwa alilala wapi.